Kapteni Joubert wa Moba: kuanza upya baada ya miaka 40



Wengi wetu, tukiisha kupita umri wa miaka 40 au 50, tunakutana na swali ambalo ujana haukutuandaa kulijibu: kazi tuliyoijengea maisha ikikoma, tutabaki kuwa nani? Familia za Katanga zinalijua swali hilo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango mmoja, wengi wao wakiwa wamezeeka katika kampuni hiyo. Historia ya Kanisa kandokando ya Ziwa Tanganyika inatuonyesha mlei mmoja aliyeulizwa swali hilohilo mara mbili.

Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Akiwa na miaka 18 alijiunga na askari wa kujitolea waliotetea dola ya Papa. Mwaka 1870 Roma ilitekwa, dola ile ikaanguka. Akiwa na miaka 28 tu, lile aliloliishia likawa limetoweka. Ilipita miaka 10 kabla hajaitika mwito wa Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliyetafuta askari wa zamani wa kulinda misafara ya wamisionari. Alikwenda, akarudi kwao mwaka 1885, kisha akaondoka tena mwaka 1886. Safari hiyo haikuwa na kurudi. Alipofika Mpala, Machi 1887, alikuwa na miaka 45.

Nchi ilikuwa katika msiba. Wawinda watumwa walichoma vijiji na kuwavusha watu ziwani wakiwa wamefungwa. Joubert aliwafundisha vijana wenyeji kulinda vijiji, akaamua mashauri, akawapokea wakimbizi. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hiyo, na nyumba yao ikajaa watoto. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kwa mamlaka gani mgeni alishika silaha na kuhukumu katika nchi ya wengine. Ana haki pia ya kukumbuka kwamba walinzi wengi walikuwa vijana wa Mpala na Mrumbi, ambao majina yao hatujifunzi shuleni.

Ndipo swali likaja mara ya pili. Katika miaka ya 1890 vita vya watumwa vilikoma, na bunduki iliyompa Joubert jina ikakosa kazi. Naye alikuwa amepita umri wa miaka 50. Kushindwa kwa mwaka 1870 kulikuwa kumemwondolea kazi ya kwanza. Sasa kufanikiwa kukamwondolea ya pili. Labda jaribu hili ni gumu zaidi, kwa sababu aliyefanikiwa huvutwa kuishi kwa sifa za jana.

Joubert alibaki. Alilima, alifundisha katekisimu, alitembelea wagonjwa. Mwaka 1910 alihamia Misembe, karibu na Baudouinville, yaani Moba ya leo. Mwaka 1917, hapo Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadre, Mkongomani wa kwanza kuupata katika nyakati hizi. Miaka 30 tu ilikuwa imepita tangu siku zile ambapo watoto wa pwani hiyo waliuzwa kama mali. Joubert alifariki mwaka 1927 akiwa na miaka 85. Alikuwa ameishi kando ya ziwa miaka 40, karibu nusu ya maisha yake.

Tukiyatazama maisha hayo, hatuoni mpango ulioandikwa tangu ujana ukatimia hatua kwa hatua. Tunaona mtu aliyebadilisha kazi bila kuwaacha watu. Upanga, jembe na katekisimu vilifuatana, lakini majirani walikuwa walewale. Kwa hiyo mwenye umri wetu anayetaka kupanga miaka iliyobaki asianze kwa kuuliza atakuwa na cheo gani. Aanze kwa kuhesabu walio karibu naye: mke au mume, wajukuu, vijana wasio na ufundi, wagonjwa wa mtaa. Baada ya hapo atazame mikono yake inaweza nini kwa sasa, hata kama si kile ilichoweza zamani.

Katika kikundi tujiulize: ni kazi gani imekwisha kwangu, nami bado naishikilia kwa jina tu? Na ni nani, kesho asubuhi, atakayegundua kwamba sikuja?