47,564,296: Nambari ya Mtu Mmoja Mmoja

Usiku wa Jumamosi, Agosti 24, 2019, Kenya ilianza kuhesabu watu wake. Katika Uthiru, kwenye mpaka wa Nairobi na Kiambu, majirani waliingia katika hesabu mbili tofauti. Nairobi ina wadi ya Uthiru/Ruthimitu katika Dagoretti Kusini. Kiambu nayo ina wadi ya Uthiru katika eneobunge la Kabete. Aliyelala upande wa kwanza alihesabiwa miongoni mwa watu 4,397,073 wa Nairobi, na wa pili miongoni mwa 2,417,735 wa Kiambu. Lakini wote wawili walikutana katika nambari moja iliyotangazwa Novemba 4: 47,564,296.

Ndani yake mna wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na huntha 1,524, ambao sensa ya Kenya ilikuwa haijawahi kuwahesabu peke yao.

Nambari hii ilichukua muda mrefu kuzaliwa. Mapema katika enzi ya ukoloni, serikali ilihesabu Wazungu na Waasia, huku Waafrika wakikadiriwa tu, hasa kwa rekodi za kodi. Sensa ya kwanza iliyohesabu watu wote ilifanyika mwaka 1948, ikapata takriban milioni 5.4. Ile ya kwanza baada ya uhuru, mwaka 1969, ilipata 10,942,705, na tangu hapo hesabu hurudiwa kila baada ya miaka kumi. Mwaka 2009 tulikuwa 38,610,097. Mwaka 2019 makarani waliacha karatasi wakatumia tabuleti.

Tuitazame sasa kama wanahisabati. 47,564,296 ni sawa na 8 × 13 × 19 × 24,071, na hiyo 24,071 ni nambari tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa hiyo watu wote waliohesabiwa wangepangika katika makundi 1,976, kila moja la watu 24,071, asibaki hata mmoja.

Mwondoe mtu mmoja tu, tuseme mpangaji wa Uthiru ambaye karani hakumkuta. Inabaki 47,564,295. Haigawanyiki tena kwa 2, wala 13, wala 19, wala 24,071. Badala yake inagawanyika kwa 3 na kwa 5. Sababu ni rahisi: nambari yoyote inayogawa nambari mbili zinazofuatana lazima igawe pia tofauti yao, nayo tofauti ni 1. Nambari mbili jirani hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya hicho.

Ndiyo maana mazoea ya kusema "milioni 47" yananikera. Kauli hiyo inawaacha nje watu 564,296. Sensa inayofuata inatarajiwa mwaka 2029. Karani afike kwenye kila chumba cha kupanga na kwa kila bawabu aliye zamu ya usiku, kwa kuwa kumkosa mmoja wao ni kupata nambari nyingine kabisa.