Taarifa Iliyoitikisa Marekani: Shule, Magazeti na Habari za Kulipiwa



Ndugu wasomaji, kila matokeo ya mitihani yanapotoka wazazi hutujia pale chuoni baada ya swala ya alasiri, kipande cha gazeti mkononi. Swali lao ni moja: "Ustadh, shule hii imeshuka, tumtoe mtoto?" Sisi si wakaguzi wa shule. Kazi yetu ni kusomesha Qur'ani na fiqhi. Lakini tumeulizwa mara nyingi mpaka tukaona tuandike, na badala ya kuanza na shule za hapa kwetu, ambako kila mtu ana upande wake, tumeona bora twende Marekani, ambako jambo hili lilitokea kwa ukubwa na kumbukumbu zake ziko wazi.

Ronald Reagan aliingia madarakani mwaka 1981 akiwa ameahidi kuifuta Wizara ya Elimu, ambayo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Akamteua Terrel Bell kuwa waziri wa wizara hiyo hiyo! Bell hakutaka ifutwe. Alikuwa akikumbuka mwaka 1957, Warusi waliporusha Sputnik angani na Wamarekani wakashtuka, wakamimina fedha kwenye masomo ya sayansi. Baadaye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alitamani lipatikane tukio kama lile la kuwaamsha watu. Kwa kuwa halikuwepo, akaunda tume ya watu 18 mwezi Agosti 1981, mwenyekiti wake David Gardner, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Utah.

Taarifa yao ilitoka tarehe 26 Aprili 1983, ikiitwa A Nation at Risk, yaani Taifa Lililo Hatarini. Taarifa za tume kwa kawaida ni vitabu vinene vinavyolala kwenye makabati. Hii ilikuwa fupi, mtu aliweza kuimaliza jioni moja, na iliandikwa kama barua ya wazi kwa wananchi wote. Lugha yake ilikuwa ya vita. Ilisema kwa maana kwamba laiti adui wa nje angelifanya shule za nchi ziwe kama zilivyo, hilo lingehesabiwa kuwa ni shambulio. Kumbukeni, huu ulikuwa wakati wa vita baridi, na magari ya Japani yalikuwa yamejaa barabarani. Magazeti na televisheni wakaipokea kwa mikono miwili, maana sentensi zake zilikuwa tayari ni vichwa vya habari.

Ajabu ni kwamba Reagan mwenyewe, siku ya kuipokea, alizungumzia swala mashuleni na unafuu wa kodi kwa wanaolipia shule za binafsi, mambo ambayo tume haikuyapendekeza. Kila mtu alisoma alichotaka kusoma.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani hapa ndipo penye somo. Miongoni mwa ushahidi wa tume ulikuwa mtihani wa SAT, wanaoufanya wanafunzi wanaotaka kuingia vyuo vikuu. Tume ilisema kuanzia 1963 hadi 1980 wastani wa sehemu ya lugha ulishuka kwa zaidi ya alama 50, na hesabu karibu alama 40. Tarakimu hizo ni za kweli. Hakuna aliyezitunga.

Lakini chukulieni mfano wa chuo chetu. Tuseme mwaka huu tunawatahini watoto 10 waliohifadhi vizuri, wastani wao ukawa 80. Mwaka ujao hao 10 wakapanda hadi 82, na tukawaruhusu wengine 20 wafanye mtihani, ambao zamani hatukuwaruhusu kabisa, nao wakapata wastani wa 50. Wastani wa chuo utakuwa karibu 61. Gazeti likiandika kwamba chuo kimeporomoka kutoka 80 hadi 61 halijasema uongo, na hali hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa maabara ya Sandia kule New Mexico, watu wa mahesabu na silaha, wasio na ugomvi na walimu, waliziangalia tarakimu hizo upya, wakaonyesha kwamba ukizigawa kwa makundi ya wanafunzi, makundi mengi yalikuwa yamesimama palepale au yamepanda. Waliozidi ni watoto waliokuwa hawaufanyi mtihani ule zamani. Kazi yao ilichapishwa katika jarida la kitaalamu mwaka 1993, miaka 10 baada ya ile barua ya vita. Wataalamu wengine waliwapinga, wakasema sehemu ya kushuka kule ilikuwa ya kweli, na mjadala bado upo. Lakini nani kwenye baraza za kahawa alisikia jina la Sandia? Hofu ilikuwa imeshafika, ufafanuzi ukaja kwa miguu.

Kutokana na hofu hiyo zikaja sheria. George W. Bush alitia saini ile ya No Child Left Behind tarehe 8 Januari 2002, iliyotaka watoto wapimwe kila mwaka kwa kusoma na hesabu kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na kwamba ifikapo 2014 kila mtoto awe amefikia kiwango.

Hapa mbinu zikabadilika. Wizara iliikodi kampuni ya mahusiano ya umma, Ketchum. Kupitia kampuni hiyo Armstrong Williams, mtangazaji mweusi mwenye kipindi cha televisheni na safu magazetini, aliahidiwa dola 240,000 ili aisifu sheria hiyo, amhoji waziri Rod Paige, na awashawishi watangazaji weusi wenzake. Watazamaji hawakuambiwa. Vilevile zikatengenezwa filamu fupi zenye sura ya taarifa ya habari, mwishoni sauti ya mwanamke ikijitambulisha kama ripota, na vituo kadhaa vikazirusha kama habari zao. Hata magazeti yalipimwa kwa fedha za umma, makala ipi inaisema sheria vizuri na ipi vibaya.

Gazeti la USA Today lilifichua malipo ya Williams mwezi Januari 2005. Mkaguzi mkuu wa serikali, GAO, akatoa uamuzi tarehe 30 Septemba mwaka huo: ni propaganda ya siri, na imevunja sheria. Mwaka 2006 Williams akakubaliana na serikali arejeshe dola 34,000. Ile sheria yenyewe ilifutwa Desemba 2015, mwaka mmoja baada ya ule ambao kila mtoto alitakiwa awe amefaulu.

Wanafunzi wetu husoma Surat al-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha kuihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Mara nyingi tumeifasiri kwa mifano ya kusengenyana mitaani. Siku hizi tunaongeza mfano wa wastani wa mtihani.

Mzazi mmoja aliyetujia na kipande chake cha gazeti tulimuuliza: wanafunzi wangapi walifanya mtihani mwaka huu, na wangapi mwaka uliopita? Gazeti halikusema. Jumatatu yake alikwenda shuleni kuuliza, akaambiwa wameongeza mkondo mzima, watoto waliokataliwa na shule mbili za jirani. Mwanawe bado anasoma pale.