Umri wa mtoaji kiungo
Ni miaka aliyo nayo mtu anayetoa kiungo cha kupandikizwa. Kwa mapafu, mtoaji bora kwa desturi alikuwa wa chini ya miaka 55. Siku hizi hata mapafu ya wazee zaidi, yakiwa safi, hukubaliwa.

Umri huzingatiwa pia kwa figo. Mjini Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupandikiza figo kutoka kwa watoaji walio hai, aghalabu ndugu wa mgonjwa. Figo moja ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Hupungua kadiri umri unavyosonga, wala havioti vingine. Hata hivyo, figo ya mama mzima wa afya mwenye miaka 58 kwa kawaida humfaa mwanawe kuliko kukaa miaka kwenye mashine ya kusafisha damu. Kijana asiharakishwe kutoa: ana miaka mingi zaidi ya kuishi na figo moja.