Kabla ya redio alikuwepo shangazi: historia ya mafunzo ya baleghe katika familia zetu



Ndugu wasomaji, kuna neno tunalolisikia mara kwa mara kwenye vikao vya wazazi, hapa Gitega na kule Muyinga. Wanasema kuwafundisha vijana mambo ya mwili, hedhi, mimba na maradhi ya zinaa ni jambo la wageni, na kwamba wazee wetu walinyamaza na mambo yakaenda vizuri. Neno hili linapendeza kusikilizwa, lakini je, ni kweli? Tumeona tulirudishe kwenye historia, maana mtu asiyejua alikotoka husadiki kila anachoambiwa.

Somo la kwanza lilikuwa madrasa

Uislamu na Kiswahili viliingia katika nchi yetu pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, wakapita Ujiji na mwambao wa Tanganyika, kisha pamoja na askari na makarani wa Kijerumani. Mwaka 1912 Wajerumani walipoanza kuhamishia makao yao Gitega kutoka Usumbura, watu hao walikuja nao, na mtaa wa Waswahili ukaota. Muyinga nako, karibu na mpaka wa Tanganyika, biashara ilileta familia za Kiislamu zilizokaa mpaka leo.

Baada ya Wabelgiji kuchukua nchi mwaka 1916, shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu walisita kupeleka watoto wao kwa kuogopa wasije wakabatizwa. Kwa hiyo kwa muda mrefu shule ya mtoto wa Kiislamu ilikuwa madrasa. Na madrasa ilimfundisha nini?

Kitabu kidogo cha fiqhi kinachojulikana sana Afrika Mashariki ni Safina, alichokiandika Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut katika karne ya 19. Wengi wetu tumekisoma tukiwa wadogo. Katika kurasa zake za mwanzo kabisa, mara tu baada ya nguzo za Uislamu na za imani, kinataja alama za kubaleghe: kutimiza miaka 15, kutokwa na manii, na kwa msichana kupata hedhi. Kisha kinakuja kwenye yanayowajibisha josho, na humo kuna hedhi, nifasi, uzazi na tendo la ndoa. Mtoto wa miaka tisa au kumi aliyasoma haya kwa sauti mbele ya maalimu wake, na hakuna mzee aliyesema kwamba mtoto ameharibiwa.

Na asili ya haya ni ya zamani zaidi. Bibi Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama mwanamke aliyeota ndotoni analazimika kuoga, akatanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki. Akajibiwa waziwazi. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni pambo la muumini, lakini haikupata kuwa sababu ya ujinga.

Shangazi, kungwi na mvulana aliyesahauliwa

Madrasa ilifundisha hukumu. Mambo ya maisha yalikuwa na mwalimu wake nyumbani. Kwa Warundi alikuwa senge, yaani shangazi, dada wa baba, ambaye binti aliweza kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Kwa Waswahili wa pwani alikuwa kungwi au somo. Hawa walimweleza msichana usafi wake, siku zake, ndoa na uzazi. Pwani somo hilo liliingia hata katika utenzi: mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao unasomwa mpaka leo.

Na mvulana je? Hapa ndipo historia yetu ina upungufu, na tuuseme bila kuficha. Alitahiriwa mapema, akapikiwa wali, akapewa kanzu mpya, na mara nyingi maneno yakaishia hapo. Mambo mengine aliyaokota barazani kwa wakubwa wake, na huko alisikia majigambo kuliko mafundisho. Wapo walioliona pengo hili. Shaaban Robert alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, lakini alimtungia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili pia, kila mtoto na wasia wake. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, wasia ulikuwa wa binti peke yake. Yeye ndiye aliyeambiwa ajihifadhi. Aliyetakiwa kumhifadhi hakuambiwa neno.

Vita vilipokata mnyororo

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika miaka mirefu ya vita. Mamia ya maelfu walikimbia. Kutoka Muyinga na mikoa ya jirani watu walivuka kuingia Ngara, Tanzania. Katika kambi, shangazi alikuwa kambi nyingine au amefariki. Mzee aliyejua kusema na vijana hakuwepo, na baraza lilikuwa foleni ya maji.

Wakati huo huo UKIMWI ulikuwa umeshakomaa katika nchi zetu. Watu walikufa na majirani wakisema amerogwa. Mtu aliyevunja ukimya huo Burundi alikuwa mwanamke, Bi Jeanne Gapiya-Niyonzima. Katika miaka ya 1990 alisimama kanisani Bujumbura, baada ya padri kuwataja wagonjwa kama watu waliotenda dhambi, akasema hadharani kwamba yeye ana virusi. Chama cha ANSS alichokiasisi mwaka 1993 kimewahudumia wengi, wa dini zote.

Kiti cha shangazi kilipobaki kitupu, redio ikakikalia. Ngara kulianzishwa Radio Kwizera mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Mwaka 1999 ukaanza mchezo wa Urunana, uliotengenezwa Rwanda na kurushwa na BBC Gahuzamiryango. Kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana, hata huku watu waliufuatilia. Humo wanakijiji wa kubuni walizungumza juu ya mimba, maradhi na ndoa, na familia nzima ikasikiliza huku kila mmoja akijifanya anatazama pembeni.

Na Waislamu walifanya nini? Uganda walitangulia. Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya huko, IMAU, iliyoundwa mwaka 1988, ilianza mwaka 1992 wilayani Mpigi kuwafunza maimamu juu ya UKIMWI, pamoja na wasaidizi wa kiume na wa kike waliokwenda nyumba kwa nyumba. Mwaka 1995 wakaingia na madrasa. Shirika la UNAIDS lilichapisha kazi yao mwaka 1998 kama mfano wa kuigwa. Msikiti haukubomoka kwa kuwa imamu alisema neno gonjwa.

Redio ile ile, kaseti ile ile

Lakini ndugu zetu, chombo kinachofundisha ndicho hicho hicho kinachopotosha. Baada ya kipindi cha afya huja wimbo unaomwita msichana bidhaa. Baada ya taarifa ya habari huja kichekesho ambacho mwanamke ni mjinga au mlaghai. Na habari yenyewe hutangazwa kwa namna ya ajabu: mwanafunzi "amepata mimba", kama mtu anayepata mafua. Aliyempa hatajwi. Msichana "amejiharibia maisha", na mvulana, au mara nyingine mtu mzima mwenye mke na watoto, yumo katika mitaa yetu kwa amani.

Hili nalo si geni. Wale wa Muyinga wanaovuka Kobero wanajua kwamba pamoja na kanga na bidhaa nyingine, Tanzania imetuletea nyimbo za taarab. Mama wa taarab, Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye sauti yake ilianza kurekodiwa katika sahani za santuri mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni kisha akakimbilia bara. Adhabu iliwaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Siti aliimba ili watu wasisahau nani alitenda na nani aliadhibiwa. Chombo cha burudani kikawa shahidi.

Ndiyo sababu waandishi wanawake wa Tanzania, walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, walilipa gazeti lao jina la Sauti ya Siti, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1988. Waliandika juu ya kubakwa, kupigwa na mimba za wanafunzi, na wakawataka wahariri waache kumwandika mwanamke kama kichekesho. Juhudi zao pamoja na za wenzao zilichangia Tanzania kupitisha sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Burundi nayo ilipata sheria yake dhidi ya ukatili wa kijinsia tarehe 22 Septemba 2016.

Mwaka 2018 na tumbo lisilofichika

Hata hivyo sheria ni karatasi kama mioyo haijabadilika. Juni 2018 wizara ya elimu ya Burundi iliagiza kwamba wasichana wenye mimba, na wavulana waliowapa mimba, waondolewe katika shule za kawaida. Agizo hilo lilibatilishwa mwaka huo huo. Wengine walilisifu kwamba ni la haki kwa kuwa lilimtaja mvulana. Lakini fikirini: tumbo la msichana halifichiki, na mvulana anahitaji kusema hapana tu. Na kama aliyehusika si mwanafunzi, agizo halikumgusa kabisa. Jirani yetu Tanzania alishikilia msimamo kama huo kwa wasichana tangu 2017, akauacha Novemba 2021. Kati ya tarehe hizo kuna mabinti ambao madaftari yao yalifungwa moja kwa moja.

Redio nayo haikudumu kuwa mwalimu wa kutegemewa. Mei 2015 vituo kadhaa binafsi vya Bujumbura viliharibiwa, na BBC ilizuiwa Burundi tangu 2019 hadi 2022. Leo kijana ana simu. Katika simu hiyo kuna mwanachuoni, daktari na mtu mchafu, wote kwa pamoja, na hakuna senge wa kumwambia huyu msikilize, yule muepuke.

Tufanye nini?

Historia inatuambia kwamba mafunzo haya ni mali yetu, na kwamba upungufu wetu ulikuwa kwa mvulana. Basi tuanzie hapo. Katika Suratun-Nur, aya ya 30, wanaume ndio waliotangulia kuamrishwa kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao, na wanawake wakafuatia katika aya ya 31. Sisi tumegeuza mpangilio huo nyumbani kwetu. Na kijana alipomwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba ruhusa ya kuzini, hakufukuzwa. Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake, shangazi yake, kisha akamwombea dua. Hilo lilikuwa somo kwa mwanamume, kwa upole, na lilimfundisha kumwona mwanamke kama mtu wa watu.

Baba na akae na mwanawe kabla ya barazani kumtangulia. Maalimu akifika kwenye mlango wa baleghe asiuruke kwa haraka, na wasichana wapate ustadhati wa kuwaelezea. Mnaposikiliza redio au kutazama video pamoja, mkisikia mwanamke anatukanwa, msicheke. Waulizeni watoto: mngependa aitwe hivyo dada yenu? Na binti akipatwa na jambo, swali la kwanza lisiwe alikuwa wapi na amevaa nini. Muulizeni kama yu salama, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na muulizeni nani amemfanyia.

Tunamuomba Allah awahifadhi vijana wetu, wa kike na wa kiume, atupe ulimi wa kusema nao na masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.