Nimonia ya virusi: tunajuaje ni mgonjwa gani yuko hatarini kufa?

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Vifuko vidogo vya hewa vinavimba na kujaa majimaji, na oksijeni inashindwa kupita kuingia kwenye damu. Inaweza kuletwa na bakteria, na inaweza kuletwa na virusi: vya influenza, vya surua, vya UVIKO-19, au RSV, kirusi kinachowashambulia sana watoto wachanga. Wagonjwa wengi wa nimonia ya virusi hupona. Wachache hubadilika ghafla, mara nyingi siku kadhaa baada ya homa kuanza, wakati familia imeshaanza kuamini kwamba mgonjwa anapata nafuu.

Kwa mtu anayeishi vijiji vya Mtinko, mkoani Singida, kuwatambua mapema hao wachache ni jambo zito. Safari huanzia zahanati ya kijiji, pengine ikaendelea hospitali ya Mtakatifu Carolus iliyopo Mtinko, na akizidiwa mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Singida mjini. Kila hatua ina nauli yake, bodaboda au gari la kukodi, na mtu wa kubaki na mifugo. Kumsafirisha kila mwenye kikohozi haiwezekani, na kumchelewesha anayehitaji oksijeni kunaweza kumuua. Ndiyo maana madaktari wametengeneza vipimo vya alama.

Alama zinavyohesabiwa

Kipimo kinachojulikana zaidi kinaitwa CRB-65, na hakihitaji maabara. Mgonjwa hupewa alama moja kwa kila jambo kati ya haya manne: amechanganyikiwa (hajui siku wala mahali alipo), anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha yake ya juu iko chini ya 90 au ya chini ni 60 kushuka, ana umri wa miaka 65 au zaidi. Asiye na alama hata moja, hatari yake ya kufa ndani ya siku 30 ni chini ya asilimia 1. Mwenye alama 1 au 2 yuko kati ya asilimia 1 na 10. Alama 3 au 4, hatari inavuka asilimia 10. Hospitali yenye maabara huongeza kipimo cha urea kwenye damu, na hapo kinaitwa CURB-65. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 2003.

Kina kasoro mbili ambazo kwenye nimonia ya virusi ni kubwa. Ya kwanza, hakihesabu oksijeni kabisa. Mgonjwa wa UVIKO-19 aliweza kukaa akiongea vizuri, presha nzuri, huku oksijeni yake imeshuka vibaya. Ya pili, kinaupa uzee alama lakini hakijui lolote kuhusu ujauzito, VVU wala kisukari. Mlipuko wa influenza wa mwaka 2009 uliwaangusha vijana wengi na wajawazito, watu ambao kwa hesabu ya CRB-65 walionekana salama.

Kwa mazingira yetu kuna kipimo kinachofaa zaidi, kiitwacho UVA, kilichochapishwa mwaka 2017. Kilitokana na takwimu za wagonjwa watu wazima zaidi ya 5,500 waliolazwa katika nchi sita: Tanzania, Uganda, Malawi, Zambia, Gabon na Sierra Leone. Hakikutengenezwa kwa nimonia peke yake. Ni cha mgonjwa yeyote mtu mzima aliyelazwa, jambo linalosaidia pale ambapo hakuna picha ya eksirei wala kipimo cha kirusi. Fahamu zikiwa zimepungua ni alama 4. Joto la mwili chini ya nyuzi 36, alama 2. Oksijeni chini ya asilimia 92, alama 2. Maambukizi ya VVU, alama 2. Mapigo ya moyo 120 au zaidi, kupumua mara 30 au zaidi, na presha ya juu chini ya 90, alama moja kila kimoja. Alama 0 hadi 1 ni hatari ndogo, 2 hadi 4 ni ya kati, kuanzia 5 ni kubwa.

Angalia hapo kwamba kinachopewa alama ni mwili kuwa wa baridi. Homa kali inawatisha ndugu, lakini mgonjwa aliyekuwa na homa kisha akapoa, akawa anasinzia, ndiye wa kukimbiza.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 68, mwenye kikohozi na homa siku ya sita. Anapumua mara 32 kwa dakika, presha 110 kwa 70, oksijeni 89, mapigo 104, fahamu zake ni nzuri, hana VVU. Kwa CRB-65 ana alama 2. Kwa UVA ana 3, hatari ya kati. Usiku huo anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Asubuhi CRB-65 imekuwa 3, na UVA imeruka hadi 7. Alama iliyopimwa mara moja wakati wa kulazwa huchakaa haraka. Muuguzi anayerudia kuhesabu kila baada ya saa chache ndiye anayeiona hatari ikija.

Vipo vipimo vya kina zaidi. MuLBSTA, kilichotoka China mwaka 2019 mahsusi kwa nimonia ya virusi, kinahesabu eneo la mapafu lililoathirika, upungufu wa limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), bakteria waliojiunga na kirusi, uvutaji sigara, presha ya kupanda, na umri wa miaka 60 au zaidi. Nacho kinahitaji eksirei na maabara.

Kipimo cha kidoleni

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni husoma oksijeni kwenye damu. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma kidogo chini ya mtu wa Dar es Salaam bila kuwa na tatizo. Vidole vya baridi, rangi nzito ya kucha au piko huvuruga namba. Zaidi ya hapo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliosomeka 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa takriban asilimia 12 ya watu weusi, na asilimia 4 hivi ya weupe. Kifaa huelekea kuisifu ngozi nyeusi kuliko inavyostahili. Namba ikisema 93 na mgonjwa anahema kwa shida, mwamini mgonjwa.

Watoto wana hesabu yao

Alama za watu wazima hazitumiki kwa mtoto. Kupumua kwa haraka ni mara 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, mara 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kinachoashiria kifo hasa ni kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu, na oksijeni chini ya 90. Kifua kubonyea ndani anapovuta hewa nako kunahitaji kuonwa na mhudumu mara moja. Utapiamlo unaongeza hatari sana.

Alama kubwa ikishapatikana

Alama haisemi kwamba mgonjwa huyu atakufa. Inasema kati ya watu mia moja wa namna yake wangapi walikufa, mahali walipotibiwa. Afrika, utafiti wa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 katika nchi 10, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta karibu nusu walikufa ndani ya siku 30, wengi zaidi kuliko wastani wa dunia.

Tiba ya kwanza ni oksijeni. Antibayotiki haziui virusi, ila hutolewa pale bakteria wanaposhukiwa. Deksamethasoni ilipunguza vifo vya UVIKO-19 kwa waliokuwa kwenye oksijeni, na haikuwasaidia wasioihitaji, kwa hiyo usiinunue dukani ili kujikinga.

Ukimpeleka mgonjwa, mwambie mhudumu homa ilianza siku gani, tangu lini anahema, kama ni mjamzito, kama ana VVU, kisukari au presha, na dawa zote alizokwisha kunywa, za dukani na za mitishamba.