Ngitili za Shinyanga

Zamani za utawala wa Waingereza, mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa kwa amri ya serikali ili mbung'o waangamizwe. Mbung'o walipungua, lakini nchi ikabaki wazi, na wenyeji wakakosa kuni na malisho. Mwaka wa 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wataalamu wake walijifunza kwa wafugaji desturi ya ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho tangu masika hata kiangazi. Nao wafugaji wakapata kwao maarifa ya kuitunza miti ichipuayo humo. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilipita 300,000 kufikia mwaka wa 2004. Elimu iliyokuja kwa amri iliikata miti. Elimu iliyoanza kwa kuuliza iliirudisha.