Machinima na Hakimiliki: Ngano ya Nyakisasa katika Filamu ya Biashara

Makala haya yanachunguza swali linalowakabili watengenezaji wa machinima, yaani filamu zinazopigwa ndani ya michezo ya kompyuta: picha zake ni mali ya nani? Jina hilo, lililoenea tangu mwaka 2000, limeungwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mashine na sinema. Sanaa yenyewe ilitangulia jina. Mwaka 1996 wachezaji wa Quake walikwisha kutoa filamu fupi, Diary of a Camper, kwa kurekodi mchezo wao.

Hapa lugha yetu yaweza kumpoteza mtu. Kiingereza huitaja haki hii kwa kitendo cha kunakili. Sisi twaiita hakimiliki. Neno ni zuri, lakini aliyenunua mchezo husema, wala hasemi uongo, kwamba anaumiliki, kumbe alichomiliki ni nakala tu. Wahusika, mandhari na muziki vimebaki mikononi mwa wenyewe. Mfululizo wa Red vs. Blue, ulioanza mwaka 2003 kwa picha za mchezo wa Halo, uliuzwa kwa kuwa Microsoft, wenye mchezo, waliridhia. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitoa kanuni zilizowaruhusu watu kutumia picha za michezo yake, mradi wasizifanyie biashara. Atakaye kuuza hana budi kuomba.

Tuchukue mfano wa kijana wa Nyakisasa, wilayani Ngara, anayetaka kutengeneza filamu ya kuuza kutokana na ngano ya Kishubi. Akiacha wahusika wa mchezo wa wengine, akachonga wa kwake kwa Blender, programu iliyo huria tangu mwaka 2002, picha zitakuwa zake. Atadhani amesalimika.

Je, ngano? Wengi huamini kwamba ngano haina mwenyewe, na imani hiyo ina asili yake: sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika Tanganyika wakati wa ukoloni, ilimtambua mtunzi ajulikanaye, si bibi asimuliaye jikoni yale aliyoyapokea kwa bibi yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imekwenda mbali zaidi. Inazilinda sanaa za jadi zinapotumiwa kwa biashara au nje ya desturi zake, na ruhusa hutolewa na BASATA. Imeacha mwanya kwa mtunzi aazimaye kitu cha jadi ili kutunga kazi yake mpya. Lakini kati ya kuazima na kuhamisha ngano nzima mpaka ni mwembamba, nami ningemshauri kijana wetu aombe ruhusa kabla ya kuuza. Tena sauti ya msimulizi, ikirekodiwa, ina haki yake mbali na ngano. Ndiyo maana ya hakishiriki. Kumpa mzee soda hakutoshi kuwa mkataba.

Limebaki jambo ambalo sheria ya nchi moja haiwezi kulimaliza. Kishubi na Kihangaza ni jamaa wa karibu wa Kirundi, na ngano huvuka mpaka pamoja na wasimulizi. Ruhusa iliyotolewa Dar es Salaam kwa ngano isimuliwayo pia Burundi inafika Ngara tu.